Wati 15 Zinatosha



Msikilizaji wetu mmoja wa Temeke ameniletea ujumbe mfupi lakini wenye mambo mengi ndani yake. Amerithi redio ya stirio ya zamani, ile aina ambayo redio na amplifaya vimo katika sanduku moja, na spika hununuliwa mbali. Mafundi huiita risiva. Risiva ni nzima, spika hazipo. Amekwenda dukani, na mwenye duka amemwambia: "Chukua hizi za wati 1000, hutajuta." Bei yake ni karibu mshahara wake wa mwezi mzima. Sasa anauliza, achukue au aache?

Ndugu yangu wa Temeke, acha kwanza. Weka fedha yako mfukoni unisikilize. Swali lako limenigusa penye kidonda, maana kosa hilo hilo nimelifanya mimi, tena mbele ya mama yangu mzazi.

Marehemu baba alikuwa baharia. Mwaka 1978, mimi sijazaliwa, meli yao ilitia nanga Rotterdam, naye akanunua risiva aina ya Pioneer SX-450. Wengine mmepata kuiona: uso wake wa rangi ya fedha, na nyuma ya namba za stesheni kuna taa. Ilitoka kiwandani kuanzia mwaka 1976, na nguvu yake ni wati 15 kwa kila upande. Leo ukitaja wati 15 mbele ya vijana watakucheka. Lakini redio ile ilitulea. Taarifa ya habari, mpira, taarabu, vyote vilipita humo.

Spika zake mbili zililiwa na mchwa. Hilo si jambo la ajabu katika nyumba zetu za Tanga. Baba alipofariki dunia, risiva ilibaki juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma, nzima lakini bubu.

Sasa, mabaharia wa wakati ule walikuwa na desturi ya kutuma barua za sauti. Mtu anakaa chumbani mwake melini na kinasa sauti, anaongea mpaka upande mmoja wa kaseti unakwisha, halafu anaiposti bandari inayofuata. Kwetu imesalia kaseti moja. Niliwahi kuihamishia kwenye simu yangu nikampa mama asikilize. Masikio yake siku hizi yamepungua nguvu. Alisikiliza kidogo, akanirudishia simu. "Mwanangu," alisema, "mimi nataka nimsikie baba yenu kwa redio yake mwenyewe, si ndani ya hicho kikopo."

Nikaona hilo ni jambo dogo. Nilikwenda duka moja hapa Dar es Salaam nikanunua spika mbili kubwa, zinanifika kiunoni, zimebandikwa karatasi inayong'aa yenye maneno "wati 1200". Nilitoa shilingi laki tatu na nusu. Nikazipakia kwenye basi mpaka Tanga. Ijumaa jioni, ndugu wamekaa sebuleni, mama yuko kwenye kiti chake, nikaunganisha nyaya, nikatia kaseti.

Sauti ikatoka chini, nzito, kama mtu anayesema akiwa amejifunika blanketi. Nikazungusha kitufe. Bado. Mama akaniambia, "Ongeza." Nikaongeza. Kitufe kilipopita nusu, sauti ya baba ikaanza kupasuka. Nikaongeza tena, maana nilijiambia spika za wati 1200 haziwezi kushindwa na wati 15. Spika ya kulia ikatoa mlio kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, halafu sauti nyembamba zote upande ule zikakatika. Risiva yenyewe ilikuwa imepata joto kiasi kwamba nisingeweza kuweka kiganja juu yake. Nikazima. Mama hakusema neno. Alinyanyuka akaenda kuswali.

Asubuhi yake nilikwenda Ngamiani kwa fundi mmoja mzee, ambaye ameshughulika na redio tangu zama za valvu. Nikamwamkia, nikamweleza mkasa wangu. Akacheka kidogo, akasema: "Mwanangu, umemfunga punda mmoja mkokoteni wa ng'ombe wawili, kisha unamchapa kwa nini haendi." Yale aliyonifundisha siku ile, na mengine niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayotaka kukupa leo.

Jambo la kwanza. Wati zinazoandikwa juu ya spika si nguvu inayotoa. Spika ya aina hii haitoi nguvu yoyote, inapokea. Namba ile ni mzigo inaoweza kubeba bila kuungua. Gunia linaloweza kubeba kilo 100 halina mchele ndani yake mpaka utie wewe. Spika ya wati 1200 mbele ya risiva ya wati 15 bado inapata wati 15 tu.

Tena si kila wati ni wati. Kule Marekani watengenezaji walishindana kutaja namba kubwa mpaka serikali ikaingilia kati. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya huko ilitoa kanuni kwamba anayetangaza nguvu ya amplifaya ya nyumbani ataje nguvu inayodumu, si ya kupasuka mara moja, na aseme sauti inaharibika kwa kiasi gani nguvu hiyo inapofikiwa. Risiva za katikati ya miaka ya 1970 zilipimwa chini ya kanuni hiyo. Kwa hiyo wati 15 za baba ni wati 15 za kweli. Lakini zile namba za maelfu unazoziona kwenye masanduku ya sabufa, zinazofuatiwa na herufi PMPO, hazina kipimo chochote kinachokubalika. Ukitaka ushahidi, geuza sabufa inayochomekwa kwenye umeme usome kibao cha nyuma. Kama kimeandikwa kwamba inakula wati 60, basi haiwezi kutoa 1000 mfululizo. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula.

Jambo la pili, na hili ndilo kiini. Spika hazifanani kwa wepesi. Zipo spika nyepesi, ukizipa nguvu kidogo tu zinaitika. Zipo nzito, ukizipa kidogo zinanung'unika. Wepesi huo unapimwa hivi: spika inapewa wati 1, kipimo cha sauti kinawekwa umbali wa mita 1, na jibu linasomwa kwa desibeli. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya 84 na 92. Kwa macho namba hizi ni karibu karibu, na hapo ndipo wengi tunapopotea.

Sikio halihesabu kama anavyohesabu mwenye duka. Ili kuongeza desibeli 3 unahitaji kuzidisha nguvu mara mbili. Ili kuongeza 6, mara nne. Na ili sikio liseme "sasa sauti imekuwa kubwa mara mbili", unahitaji nguvu karibu mara kumi. Tuchukue mfano. Unayo risiva ya wati 15 na spika ya desibeli 84. Ukiitoa ukaweka ya desibeli 90, umepata sauti ambayo ungeipata kwa spika ya kwanza kama ungekuwa na risiva ya wati 60. Hukubadili risiva, hukuongeza hata wati moja. Umebadili spika tu. Kinyume chake, kutoka wati 15 kwenda 30 kwa spika ile ile kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo mgeni akiingia sebuleni huenda asiitambue.

Kwa nini spika nyingine ni nzito? Si kwamba zimetengenezwa vibaya. Ni suala la kuchagua. Wajuzi wa kazi hii wanasema katika mambo matatu utapata mawili: sanduku dogo, besi ya kina, na wepesi. Zamani za valvu, nguvu ilikuwa haba na ghali, kwa hiyo watu walitafuta wepesi. Mmarekani Paul Klipsch, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1946 katika mji wa Hope, Arkansas, alitengeneza spika ya umbo la tarumbeta inayokaa kwenye pembe ya chumba na kuzifanya kuta ziwe sehemu ya tarumbeta. Ilikuwa kubwa kama kabati, lakini wati chache tu ziliitosha. Mwaka 1954, Edgar Villchur na Henry Kloss wa Cambridge, Massachusetts, walishika njia nyingine. Waliziba sanduku dogo kabisa, hewa iliyomo ndani ikawa kama springi ya kuishika koni. Wakapata besi nzuri katika kisanduku kinachokaa juu ya rafu, lakini malipo yake yakawa nguvu zaidi. Transista zilipofanya wati kuwa rahisi, dunia ikafuata njia ya masanduku madogo. Spika nyingi za leo ni watoto wa njia hiyo ya pili, zikitegemea kuwa unazo wati za kumwaga. Mwenye wati 15 hana za kumwaga.

Hata sisi wa redio tuna mfano wetu. Miaka ya 1970 BBC ilibuni spika ndogo iitwayo LS3/5A, kwa ajili ya mafundi wanaofanya kazi ndani ya magari ya matangazo ya nje. Inasifiwa mpaka leo kwa jinsi inavyotoa sauti ya mtu anayezungumza. Lakini wepesi wake ni desibeli 83 hivi. Ndani ya gari, uso wa fundi umeikaribia, inatosha. Sebuleni Tanga, madirisha wazi, feni inazunguka na jirani anatwanga, ni habari nyingine.

Jambo la tatu ni omu, yaani kiasi spika inavyouzuia umeme usipite ovyo. Risiva za aina hii zinapenda spika za omu 8. Ukitia za omu 4, umeme mwingi zaidi unapita na risiva inapata joto. Spika nyingi za magari, ambazo mafundi wetu hupenda kuzitia katika masanduku ya mbao, ni za omu 4. Kosa jingine ni kutumia vituo vya A na B kwa pamoja. Katika risiva nyingi, jozi mbili za omu 8 zikifanya kazi pamoja, risiva inaziona kama omu 4, na jozi mbili za omu 4 zinakuwa omu 2. Hapo unaitafutia kifo. Soma maandishi ya nyuma ya risiva yako, yanasema kiwango cha chini ni kipi. Yule fundi alitia mita yake kwenye spika zangu za wati 1200, sindano ikasoma omu 3. Akaniambia: "Ukipima hivi, spika ya omu 8 husoma kama 6, ya omu 4 husoma kama 3. Hizi ni za omu 4, tena ni nzito. Ndiyo maana ile redio ilitoka jasho."

Na kwa nini ile twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, kiliungua? Watu wengi hudhani spika huunguzwa na amplifaya kubwa tu. La. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, yanakuwa bapa. Sauti iliyokatwa hivyo huzaa nguvu nyingi katika upande wa juu, na nguvu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye twita, ambayo waya wake ni mwembamba sana. Ule mpasuko niliousikia katika sauti ya baba ulikuwa onyo. Ukiusikia, rudisha kitufe nyuma papo hapo.

Sasa anunue nini mtu mwenye fedha ya kiasi?

Ushauri wa fundi ulikuwa huu: tafuta spika za mtumba za rika la redio yenyewe. Sanduku la mbao la wastani, wufa ya inchi 8, koni ya karatasi, omu 8, wepesi wa desibeli 89 au zaidi kama imeandikwa. Usizitazame kwa mbali. Toa kitambaa cha mbele ukague ukingo unaoizunguka koni. Kama ni wa sponji, uguse taratibu. Joto na unyevu wa pwani huumaliza sponji, hukatika kama mkate mkavu. Hilo si la kukutisha kama bei ni ndogo, maana fundi anaweza kubandika ukingo mpya. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi. Kisha weka vidole viwili pande mbili za koni, uisukume polepole ndani. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Iache. Mwisho chukua betri moja ya volti 1.5, gusisha nyaya mara moja tu. Wufa ikiruka mbele, waya ulioshika upande wa chanya wa betri ndio chanya. Weka alama. Ukiunganisha spika moja kinyume, besi itapotea utadhani umeibiwa.

Waya wa kawaida wa umeme wa nyumbani, wa shaba, unatosha kwa mita 4 au 5. Usiuziwe waya wa bei ya mbuzi. Kisha jua kuweka. Spika iliyo sakafuni katikati ya chumba inapoteza. Ipandishe juu ya kigoda, twita ifike usawa wa masikio ya aliyekaa, na mgongo wa sanduku uusogelee ukuta. Ukuta unarudisha besi bure, bila wati hata moja.

Na kwa wale ambao bado hawana risiva yenyewe, neno moja la tahadhari. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia umeme wa volti 100. Ukiichomeka kwenye volti zetu 230 bila transfoma, utaona moshi. Tena FM yake, kama za magari ya Japani, huishia megahezi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Mtu ataniuliza, je, wati 15 zitajaza nyumba? Tupige hesabu. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 15 inafika karibu 102 kwa umbali wa mita 1, na ziko mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma katika sauti ya desibeli 80. Zikifika 90, muda huo unashuka mpaka saa 4. Kwa hiyo wati 15 kwenye spika nyepesi zinatosha kukuharibu masikio kama huna akili. Unataka zaidi ya hapo za nini? Kwa arusi, kodi vyombo vya arusi. Kwa sebule, majirani zako nao wana masikio, na wengine wana watoto wachanga.

Namalizia na ya nyumbani. Fundi alinipatia spika mbili za mtumba, masanduku yamechubuka pembeni, kitambaa kimefifia. Alibadilisha ukingo wa wufa moja. Zote, pamoja na ufundi wake, zilinigharimu shilingi elfu tisini. Zile za laki tatu na nusu zingali ghalani, na nikizipita huwa nageuza uso.

Jumapili tulikaa tena. Safari hii hatukuwaita watu, tulikuwa mimi na mama tu. Spika juu ya vigoda, mgongo ukutani. Nikatia kaseti, nikazungusha kitufe kidogo, hakikufika hata robo. Kwa hesabu niliyokupa, hata wati moja nzima haikuwa ikitumika. Baba akasalimia. Akauliza kama lile bati la jikoni limekwisha kugongelewa. Akawataja watoto wa shangazi mmoja mmoja. Katikati akanyamaza, akakohoa mbali na kinasa sauti, akaendelea.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Kumbe siku ile alikuwa na mafua."

Kaseti ile tumeishi nayo zaidi ya miaka 40, na hakuna aliyewahi kulisikia hilo.

Ndugu yangu wa Temeke, wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Rudi dukani umwambie yule bwana asante, kisha utafute fundi mwenye mita na subira. Ulichorithi kina nguvu ya kutosha. Kinataka tu mwenzake wa kufanana naye.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.